Kamba Mbili kwa Fahali Mmoja
Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Ndugu mkulima, siku moja ya kulipa ada ya josho, mzee mmoja wa skimu ninayoihudumia alingoja mpaka watu wote wakaondoka, ndipo akaisogelea meza yangu. Nilidhani ataka kuuliza habari ya mbolea. Kumbe sivyo. Mke wa mwanawe anaishi na virusi vya ukimwi, naye humeza kidonge kila jioni kama alivyoagizwa na kliniki. Sasa mwanamke huyo alikuwa amesikia sokoni kwamba imepatikana dawa mpya ya kutiwa mshipani kwa dripu, mara chache tu kwa mwaka, na kwamba watakaoipata hawatameza vidonge tena. Kwa kuwa amechoka na vidonge, alianza kuviruka siku mojamoja, huku akiingoja hiyo dripu. Tena mtu mwingine akamwambia kwamba dawa hiyo ilijaribiwa kwa wanawake hapa Kenya ikashindwa.

"Sasa mwanangu," mzee akaniambia, "wewe ulisomea ualimu kabla ya kuja kuandika madaftari haya. Lipi ni la kweli? Dawa ipo, au ilishindwa? Na kama ipo, mbona nasikia ati ni lazima ziwe mbili au tatu pamoja? Dawa nzuri si moja yatosha?"

Nilimwambia, "Baba, neno la kwanza ni hili: mkwe wako arudi kliniki kesho, wala asiruke kidonge hata kimoja. Mengine nipe wiki moja nisome, tena niwaulize wanaojua." Wiki ilipokwisha nilimweleza kama nitakavyokueleza wewe. Yeye na mkwewe wameniruhusu kuandika habari hii. Sitataja jina wala skimu, nawe usijisumbue kukisia.

MAZIWA YA KWANZA YA NDAMA

Wewe ufugaye ng'ombe waijua dang'a, yaani yale maziwa mazito ya manjano yatokayo mara tu ng'ombe azaapo. Umeambiwa mara nyingi kwamba ndama anyweshwe dang'a katika saa za kwanza za maisha yake, maana siku moja ikipita tumbo lake haliwezi tena kuipitisha kinga iliyomo mpaka kwenye damu. Ndama huzaliwa akiwa karibu hana kinga yake mwenyewe damuni. Ya kwanza huipata kwa mama yake. Asiyeipata, hata kuhara kidogo kwaweza kumwua.

Kinga hiyo ndiyo iitwayo kingamwili. Ni kitu kidogo mno, hakionekani kwa jicho, nacho huelea ndani ya damu. Umbo lake ni kama panda ya manati, na zile ncha mbili za juu ndizo zinazomshika adui. Jambo la kuangalia ni kwamba kila aina ya kingamwili hushika mahali pamoja tu, kama ufunguo ufaao kufuli moja. Ile ishikayo kirusi cha kichaa cha mbwa haina habari na kirusi cha surua.

Binadamu alijifunza mapema kuazima kinga ya mwenzake. Mwaka 1890, mjini Berlin, Emil von Behring wa Ujerumani na Shibasaburo Kitasato wa Japani walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyekwisha kupata kinga humkinga mnyama mwingine. Hata leo dawa nyingi za sumu ya nyoka hutolewa katika damu ya farasi. Lakini damu ya farasi ina kingamwili za kila namna zilizochanganyika, kama gunia la mbegu usizojua zimetoka shamba gani. Mwaka 1975, huko Cambridge nchini Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waligundua njia ya kuzalisha kingamwili ya namna moja tu, kwa wingi, nje ya mwili. Tangu hapo wataalamu waweza kuchukua damu ya mtu aliyeshinda ugonjwa, wakatafuta ndani yake kingamwili iliyo hodari kuliko zote, kisha wakaizidisha katika mapipa makubwa kiwandani, ndani ya chembe hai. Kazi hiyo ni ghali, na bei ya kingamwili ni ya juu mpaka sasa.

Ikiwa yaweza kuchaguliwa iliyo hodari kuliko zote, mbona basi isitumike hiyo peke yake? Hapo ndipo mzee wetu alipouliza, na swali lake ni la haki.

KARANI MBAYA

Kirusi si mdudu kama kupe wala mnyoo. Ni kipande cha maandishi ya urithi kilichofungwa ndani ya ganda. Hakili, hakipumui. Huingia ndani ya chembe hai ya mwili wako, akaifanya chembe hiyo iache kazi yake na kuanza kunakili maandishi ya kirusi.

Kazi ya kunakili naijua mimi. Mwaka wangu wa kwanza ofisini niliambiwa nihamishe orodha ya mashamba kutoka daftari kuukuu mpaka jipya. Shamba nambari 147 nikaliandika 174, na mkopo wa mbegu wa mtu ukaonekana ni deni la mtu mwingine. Miezi miwili wenye mashamba hayo mawili hawakusalimiana, nami ndiye niliyewagombanisha. Hilo lilikuwa kosa moja katika daftari zima.

Maandishi ya kirusi cha ukimwi yana herufi karibu 10,000. Katika kunakiliwa, hukosewa kama herufi moja kwa kila herufi 30,000. Maana yake, katika kila nakala tatu, moja hivi ina kosa. Karani wa namna hiyo angefukuzwa kazi kabla ya mwisho wa juma. Lakini kirusi hakina mkubwa wa kukifukuza. Nakala nyingi zenye makosa hufa. Chache huishi, tena huishi zikiwa na sura tofauti kidogo na mama yao.

Sasa kumbuka mambo ya josho. Watu husema, "Kupe wamezoea dawa." Hapana. Kupe aliyekufa hakuzoea kitu. Ila katika kupe maelfu walikuwamo wachache waliozaliwa tofauti, ambao dawa hiyo haiwadhuru. Dawa ikawaua wenzao wote, na hao wachache wakabaki na ng'ombe mzima peke yao, wakazaa. Msimu wa tatu waona kupe wote ni wa ukoo huo. Ndivyo ilivyokuwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 na 1940, arseniki iliposhindwa kuwaua kupe iliokuwa ikiwaua tangu zamani.

Kirusi hufanya vivyo hivyo, ila kupe huchukua miezi kuzaa, na kirusi huchukua saa. Kingamwili ikilishika ganda lake mahali fulani, nakala zote zenye mahali hapo huzuiwa. Ikiwapo nakala moja ambayo kosa la karani limebadili mahali hapo, kingamwili huteleza, na nakala hiyo hubaki na shamba lote.

TUFANYE HESABU

Chukua penseli. Mwaka 1996 wataalamu walikadiria kwamba mwili wa mtu mwenye virusi vya ukimwi asiyetibiwa hutoa virusi vipya kama bilioni 10 kila siku. Tuseme kingamwili ya kwanza hushindwa herufi moja fulani ikibadilika. Herufi hiyo hukosewa mara moja katika nakala 30,000. Gawanya bilioni 10 kwa 30,000: wapata nakala zaidi ya 330,000 zenye kosa hilo, kwa siku moja. Yaani mwenye kuponyoka amekwisha kuzaliwa hata kabla hujafungua chupa ya dawa.

Sasa tia kingamwili mbili zishikazo mahali pawili mbalimbali. Ili nakala iponyoke, lazima iwe na makosa mawili pamoja. Zidisha 30,000 kwa 30,000: ni milioni 900. Katika virusi bilioni 10, nakala za namna hiyo ni kama 11 kwa siku. Toka 330,000 mpaka 11! Tia ya tatu: zidisha tena kwa 30,000, wapata trilioni 27. Nakala yenye makosa yote matatu ingetokea mara moja katika siku 2,700, yaani zaidi ya miaka 7.

Hesabu hii ni ya karani, si ya maabara. Virusi vingi hufa kabla ya kuingia katika chembe yoyote, na mara nyingi herufi moja haitoshi kumponyosha kirusi. Lakini njia ya hesabu ni hiyo hiyo. Kila kamba unayoongeza haijumlishi, yazidisha. Tena ukiisha kuvipunguza virusi kwa vidonge kabla ya kuanza, idadi ya manakala yanayoandikwa kila siku huwa ndogo sana, na nafasi ya kuponyoka hupungua pamoja nayo.

PEMBE MOJA HAITOSHI

Mzee aliisikiliza hesabu kwa adabu, lakini niliona usoni mwake kwamba haikumwingia. Ndipo nikamwuliza, "Baba, fahali mkali wamfungaje?" Akacheka. "Kamba moja pembeni, nyingine mguuni."

"Mbona usifunge zote mbili pembe moja?"

"Pembe ikivunjika je?"

Basi huyo mzee alikwisha kusema kwa neno moja jambo ambalo wataalamu wa Marekani walilithibitisha maabarani mwaka 2020. Wakati ule ugonjwa wa Covid ulikuwa umeenea duniani. Watafiti wa kampuni ya Regeneron walikuza virusi vyenye ile miiba ya kirusi cha Covid, wakavitia kingamwili moja moja. Virusi vikaponyoka upesi. Wakavitia kingamwili mbili zilizokuwa zinashindania mahali pamoja, na virusi vikaponyoka tena, maana badiliko moja lilizishinda zote mbili. Kisha wakachagua mbili ambazo zaweza kushika mwiba mmoja kwa wakati mmoja bila kusukumana, moja huku na moja kule. Hapo virusi havikuponyoka katika jaribio lile. Hesabu ya kamba peke yake haikuwa kitu. Kilichotakiwa ni kamba moja pembeni na nyingine mguuni.

Hayo yalionekana na nje ya maabara. Mwezi wa Novemba 2020 serikali ya Marekani iliruhusu kwa dharura kingamwili moja itumike peke yake kwa wagonjwa wa Covid. Mwezi wa Aprili 2021 ruhusa hiyo ikaondolewa, kwa kuwa virusi vilivyobadilika, visivyoshikwa nayo, vilikuwa vimeongezeka. Miezi mitano tu. Zile za jozi ziliendelea.

Lakini sitaki uondoke ukidhani jozi ni ngome isiyobomoka. Mwishoni mwa mwaka 2021 kilitangazwa kirusi cha namna nyingine, kilichopewa jina la Omicron, ambacho mwiba wake ulikuwa na mabadiliko zaidi ya 30 kwa mara moja. Fahali huyo alikuja hana pembe wala mguu tuliokuwa tukiujua. Mwezi wa Januari 2022 hata jozi ile iliyofanya vizuri maabarani ilisimamishwa Marekani. Kumbuka kwamba mabadiliko hayo hayakufanyika ndani ya wagonjwa waliotiwa jozi tu. Kirusi kilikuwa kikizunguka katika mamilioni ya watu duniani wasiotiwa dawa yoyote, kikijibadilisha njiani. Kamba mbili zamzuia fahali aliyemo zizini mwako. Yule anayezurura porini hazimhusu.

ILE ILIYOJARIBIWA KENYA

Sasa nije kwa habari ya sokoni, kwamba dawa ilijaribiwa kwa wanawake ikashindwa. Habari hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imepotoshwa.

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitangaza kingamwili waliyoipata katika damu ya mtu mwenye virusi vya ukimwi, wakaiita VRC01. (Majina ya vitu hivi ni kama nambari za masikio ya ng'ombe, usiyaogope.) Ilikuwa hodari kweli kweli: katika maabara ilizuia virusi vya namna nyingi kutoka pande nyingi za dunia. Toka mwaka 2016 ikajaribiwa kwa watu wasio na virusi, ili kuona kama itawakinga. Wanawake 1,924 wa nchi saba za Afrika walishiriki, na Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi hizo. Wanaume na wengine 2,699 walishiriki katika Amerika ya Kaskazini na ya Kusini na Ulaya. Wengine walitiwa kingamwili kwa dripu kila baada ya wiki nane, wengine maji matupu, na hakuna aliyejua amepata ipi.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kwa jumla, kingamwili hiyo haikupunguza maambukizo kwa kiasi cha kuridhisha. Wengi walisikia neno hilo, wakafunga redio. Lakini wataalamu waliendelea kusoma, wakavipima virusi vya wale walioambukizwa, kimoja kimoja. Wakaona kwamba virusi vile ambavyo VRC01 yaweza kuvishika barabara ilivizuia kwa kadiri ya 75 kwa 100. Taabu ni kwamba virusi vya namna hiyo vilikuwa kama 30 tu katika kila 100 vinavyozunguka mahali pale. Vingine vyote vilikwisha kuwa na sura ambayo kamba hiyo haiikamati.

Basi je, ilishindwa? Mimi nasema wale wanawake walitufundisha jambo ambalo hakuna maabara iliyoweza kulifundisha: kwamba kingamwili yaweza kumkinga mtu na ukimwi, ila moja peke yake haitoshi. Walikaa kwenye viti vya kliniki, mikono imechomwa sindano, mara 10 kila mmoja, kwa ajili ya jibu hilo. Haifai tuwaite watu walioshindwa.

Jibu la pili lilikuwa limekwisha kuanza kupatikana kwa upande wa matibabu. Mwaka 2016 ilichapishwa habari ya wagonjwa waliosimamisha vidonge chini ya uangalizi wa madaktari wakapewa kingamwili moja, 3BNC117. Mtu akiacha vidonge bila kitu kingine, virusi hurudi damuni katika wiki mbili tatu. Kwa kingamwili hiyo moja vilichelewa, lakini kwa wengi vilirudi katika wiki chache. Mwaka 2018 ikachapishwa habari ya jozi: 3BNC117 pamoja na 10-1074, ambayo hushika mahali pengine. Wagonjwa walitiwa mara tatu, kila baada ya wiki tatu. Watu 9 ambao virusi vyao vilikuwa vyashikika kwa zote mbili walikaa kati ya wiki 15 na zaidi ya 30 bila virusi kurudi. Wala hapana hata mmoja kati yao aliyepata kirusi kilichozishinda zote mbili.

Wakumbuka nilivyoandika, "virusi vyao vilikuwa vyashikika kwa zote mbili"? Usiyapite maneno hayo upesi. Ikiwa kirusi cha mtu kimekwisha kuponyoka kamba moja tangu zamani, basi ukimtia jozi umemtia moja tu, na hiyo ya pili itaponyokwa kama kawaida. Tena kamba hizi mbili hazidumu sawasawa. 3BNC117 hupungua damuni upesi kuliko 10-1074, na siku ile ya kwanza inapokwisha, ya pili hubaki imemshika fahali peke yake. Hilo ndilo linalowashughulisha wataalamu sasa: kutengeneza kingamwili zinazodumu miezi mingi, tena zinazokwisha pamoja. Na ndiyo sababu hazitolewi kwa zamu, hii mwaka huu na ile mwaka ujao. Ukimfunga fahali pembe leo, akaivunja, kisha kesho ukamfunga mguu, umempa nafasi ya kushughulika na kamba mojamoja.

PAMOJA TULINDE MAISHA

Katika habari zote nilizozisoma, moja yapendeza kwa sababu jina lake ni la lugha yetu. Ebola ilipoingia Kivu ya Kaskazini na Ituri, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 2018, madaktari walianzisha jaribio la dawa nne kwa wagonjwa wenyewe, katikati ya vita na hofu. Wakaliita Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 waliandikishwa. Mwezi wa Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa mapema, kwa sababu dawa mbili zilionekana wazi kuzipita nyingine. Ya kwanza, REGN-EB3, ni kingamwili tatu pamoja: waliokufa walikuwa 33.5 kwa 100. Ya pili, mAb114, ni kingamwili moja tu, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995: waliokufa walikuwa 35.1 kwa 100. Dawa nyingine ya kingamwili tatu, ZMapp, ilikuwa na vifo 49.7 kwa 100.

Hapo utaniuliza, "Karani, mbona moja imekaribiana na tatu, tena tatu nyingine zimeshindwa na moja?" Umeuliza vizuri. Kwa kawaida Ebola huua au huondoka damuni upesi. Kwa wagonjwa wengi hakina nafasi ya kukaa damuni miaka, kikinakili na kujaribu makosa, kama kifanyavyo kirusi cha ukimwi. Kwa ugonjwa mfupi, nguvu ya mshiko yaweza kutosha. Kwa ugonjwa wa kudumu, muda wenyewe ni silaha ya adui. Nami naona ni heri kujua hivyo kuliko kuamini kwamba wingi wa dawa ni uzuri wa dawa. Jambo lililowasaidia wagonjwa wa Kongo kupita yote lilikuwa kufika mapema: wale waliofika virusi vikiwa bado vichache damuni, wakapata mojawapo ya zile dawa mbili bora, waliokufa kati yao walikuwa kama 10 au 11 tu kwa 100.

SI MAMBO MAPYA KWETU

Usidhani haya ni mambo ya maabara za mbali. Kifua kikuu kilipopata dawa yake ya kwanza, streptomaisini, jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1948 lilionyesha wagonjwa wakipata nafuu miezi ya kwanza, kisha vijidudu vya wengi vikaacha kuisikia dawa. Ndipo ikaanza kazi ya kuunganisha dawa. Majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na kuchapishwa mwaka 1972, ndiyo yaliyoonyesha kwamba miezi sita yatosha kumponya mgonjwa wa kifua kikuu ikiwa dawa zimeunganishwa vizuri. Dunia nzima imetumia matunda ya kazi hiyo.

Na wewe ulimaye ng'ano wajua kutu ya shina. Mwaka 1998 ilionekana Uganda kutu ya namna mpya, iitwayo Ug99, iliyoishinda ng'ano nyingi zilizotegemea jeni moja ya kinga, Sr31. Miaka michache baadaye ikawa Kenya. Sasa kule Njoro watafiti huchagua mbegu zenye jeni za kinga kadhaa pamoja, ili kutu ikiivunja moja ikutane na nyingine. Kamba ni zile zile.

NILIVYOMJIBU MZEE

Nilimwambia hivi. Dripu hiyo ya kingamwili, ya kutiwa mara chache kwa mwaka badala ya vidonge, bado yajaribiwa. Haitolewi katika kliniki zetu, na anayeingoja huku akiruka vidonge angoja kitu kisichokuwapo. Wala asiichanganye na sindano ya lenakapaviri, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2025 kuwakinga wasio na virusi, ambayo ni dawa ya kiwandani, si kingamwili.

Kisha nikamwomba aniletee kopo tupu la vidonge vya mkwewe. Tukasoma pamoja maandishi ya ubavuni, majina matatu: tenofoviri, lamivudini, dolutegraviri. Dawa tatu ndani ya kidonge kimoja, nazo humshika kirusi mahali pawili mbalimbali katika kazi yake: mbili za kwanza huzuia pale maandishi yanaponakiliwa, ya tatu huzuia yasishonwe ndani ya chembe. Mwaka 1987 ilikuwapo dawa moja tu, AZT, na virusi vikaishinda. Toka mwaka 1996 wagonjwa walipopewa dawa tatu pamoja, watu waliokuwa wakingoja kufa walirudi mashambani kwao.

"Kumbe kamba anazo tayari," akasema mzee.

"Anazo, baba. Lakini siku arukapo kidonge huzilegeza zote pamoja, na kwa kuwa hazikai damuni muda sawa, yaweza kubaki moja peke yake."

Mkwewe alirudi kliniki. Walimpima wingi wa virusi damuni, majibu yakawa mazuri, wakampa tarehe nyingine baada ya miezi mitatu badala ya sita, ili wamwangalie kwa karibu. Alinitumia salamu na mayai sita.

Mwenye swali kama hili na aende kwa muuguzi wa kliniki siku ya zamu, au amwulize mhudumu wa afya wa kijiji. Mimi nipo ofisini Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, kwa mambo ya ada ya josho, mikopo na mbolea. Wenye mashamba ambayo nambari zake zaonekana kukosewa katika orodha mpya wanione kabla ya mwisho wa mwezi.